Kijana wa Ng'ambo ya Mto

Nibras alikuwa hajapata kumdanganya baba yake. Alipomdanganya mara ya kwanza alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mchana kweupe, mbele ya watu, na uongo wenyewe ulimtoka kwa wepesi uliomshangaza hata yeye.

Ilikuwa mwezi wa pili, na mvua ya Beirut ilikuwa ikipiga madirisha ya chuo tangu alfajiri. Abu Laith, baba yake, alikuwa amefika juzi yake kutoka Basra, ndani ya koti la mwanawe mkubwa lililompwaya mabegani. Sasa alikuwa ameketi juu ya kitanda cha chumba cha vipimo, suruali imekunjwa, paja la kushoto liko wazi, na mguu wake wa bandia wa miaka mingi, ule aliopewa jeshini, umeegemezwa ukutani kama mwavuli. Kigutu kilikuwa na kidonda. Kidonda hicho kilikuwa kikifunga wakati wa baridi na kufunguka joto likianza, mwaka baada ya mwaka, ila baridi hii kilikuwa kimekataa kufunga, na mzee alikuwa amekizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi.

Nibras alikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho, katika chuo hicho cha kufundisha kutengeneza viungo vya bandia. Wenzake walitoka Yemen, Sudan, Libya, Iran, nchi ambazo kazi hiyo haikosi watu wa kuihitaji. Yeye ndiye aliyemsihi baba yake aje. Lakini kanuni ya chuo ilikuwa wazi kwamba mwanafunzi hamhudumii ndugu yake wa damu. Kwa hiyo Bi Araksi, mwalimu wao mkuu, Mwarmenia wa hapo hapo Beirut, alimpangia mzee mwanafunzi mwenye mkono mwepesi kuliko wote.

"Jina lako nani, mwanangu?" Abu Laith alimuuliza kijana aliyekuwa amepiga goti mbele yake akisafisha kidonda.

"Behnam, ami."

"Behnam." Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mkristo wa Mosul, basi. Jeshini nilikuwa na rafiki wa jina hilohilo, wa kulekule kwenu. Ndiyo maana Kiarabu chako kinatembea upandeupande."

Behnam aliinua uso. Nibras aliuona mdomo wake ukifunguka, akaona na jibu lenyewe linavyokuja, akalikimbilia kabla halijafika.

"Ndiyo, baba. Wa Mosul."

Behnam alimtazama. Aliinamisha kichwa akaendelea kusafisha kidonda, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva.

Behnam alimngoja Nibras koridoni.

"Kwa nini umefanya vile?"

"Nataka akujue kwanza. Aijue mikono yako, halafu ndiyo alijue jina la kwenu."

"Jina la kwetu si ugonjwa, Nibras."

"Najua."

"Basi mwambie leo."

"Nitamwambia akishasimama."

"Akishasimama," alisema Behnam, "atakuwa na mguu wa kuondokea."

Kwao Behnam kulikuwa Khorramshahr, ng'ambo ya mto, upande wa Iran. Watu wa Basra waliuita mji huo Muhammara, na katika nyumba nyingi za Basra jina hilo halitajwi wakati wa kula. Abu Laith aliuacha mguu wake huko katika vita vya Iraki na Iran, mwaka wa themanini na mbili, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja. Ghazwan, mdogo wake, alibaki huko mzima mzima, wala hakuonekana tena, hata mfupa.

Mwaka wa kwanza, Bi Araksi alipompanga Nibras meza moja na Behnam, Nibras alikwenda ofisini kwake kuomba abadilishiwe mwenzake.

"Nipe mtu yeyote mwingine," alisema. "Nipe hata yule Mlibya asiyenyamaza."

"Nimekupanga naye makusudi," Bi Araksi alimjibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Kila mtu humu nimempanga na yule asiyemtaka; mkikaa meza moja mtajuana. Ukitaka kuchagua mwenzako, vyuo viko vingi."

Mwezi mzima walifanya kazi meza moja bila kusemezana ila "nipe tupa" na "shika hapa". Kisha siku moja, kwenye jiko la wanafunzi, Nibras alimkuta Behnam akikwangua chini ya sufuria ya wali kwa kijiko, taratibu, kama mtu anayetoa kioo kwenye fremu.

"Unaharibu," alimwambia. "Ukoko unapinduliwa na sahani, haukwanguliwi."

"Nyinyi Wairaki mnajua nini kuhusu ukoko?"

"Sisi ndio tuliowafundisha."

Waligombana juu ya ukoko mpaka wali ukapoa, na walipomaliza kugombana walikuwa wameula wote, sufuria moja, vijiko viwili. Ndivyo lilivyoanza. Baadaye Nibras alimfundisha Kiarabu cha Basra, na yeye akamfundisha kuhesabu kwa Kifarsi. Kisha ikawa Nibras akiingia karakana asubuhi macho yake hayatulii mpaka yamwone, na akimwona hayajui tena pa kukaa.

Miaka miwili ilipita hivyo. Behnam alimwambia mama yake kwanza kwamba anataka kumwoa Nibras. Mama yule, aliyezika kaka zake wawili wakati wa vita, alisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akasema, "Niletee Mhindi, niletee Mchina, nitajifunza kupika chakula chake. Wa Basra usiniletee." Akakata. Tangu siku hiyo salamu zake zilikuja kupitia kwa dada.

Kwa hiyo Abu Laith ndiye aliyekuwa tumaini lililobaki.

Kidonda kilichukua siku kumi kufunga. Kila asubuhi Behnam alikisafisha na kukifunga, na kila asubuhi mzee alimpenda zaidi. Abu Laith alikuwa fundi saa. Alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha soko la Basra miaka thelathini, na watu aliwahukumu kwa vidole vyao.

"Mtazame anavyoshika mkasi," alimnong'oneza binti yake. "Huyu hajakurupuka. Huyu kafunzwa nyumbani."

"Ndiyo, baba."

"Wa Mosul ni mabahili, lakini kazi wanaijua."

Nibras alicheka. Kila siku aliyokaa kimya uongo uliongezeka uzito, na kila siku alijiambia kesho. Plasta ya kuchukua umbo la kigutu ikapigwa, kikombe cha kuingizia kigutu kikachongwa, kikapanguswa, kikachongwa tena. Behnam alikonda. Usiku aliandika ujumbe mmoja tu: *Mwambie.* Nibras naye alijibu neno moja: *Kesho.*

Alhamisi ya wiki ya tatu mzee alisimama. Alishika vyuma viwili vya pembeni, akatembea hatua nne, akageuka, akarudi. Hatua ya tano aliachia mkono mmoja. Chumba kizima kilikuwa kikimtazama. Hata mwanamke wa Homs, Syria, aliyekuwa akingoja zamu yake aliweka sufu na sindano zake pembeni.

"Hauumi," alisema Abu Laith. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Miaka thelathini na moja. Hauumi."

Aliketi, akaomba chai. Chai ilipokuja alimshika Behnam mkono akamkalisha karibu naye, akaanza kusimulia. Nibras alikuwa mezani akisafisha tupa.

"Nitakwambia ulipobaki ule mwingine," alisema mzee. "Muhammara. Tulikaa mle mji hauna watu hata paka. Sisi watano tulilala kwenye nyumba ya mtu, jikoni, kwa kuwa jikoni hakukuwa na dirisha. Njaa, mwanangu, usiombe. Siku moja nikafungua kabati la chini nikakuta mitungi. Achari. Vitunguu saumu vimekaa ndani ya siki miaka mingi, vyeusi kama makaa, vitamu kama tende. Tulivila na mkate mkavu, mimi na mdogo wangu Ghazwan. Mpaka leo nikila kitu kitamu nakumbuka vile vitunguu, kisha naona aibu. Maana kuna mwanamke aliviweka vile. Aliviweka kwa ajili ya watu wake."

Behnam alikuwa ameinama. Bilauri ya chai ilikuwa mkononi mwake, haijaonjwa.

"Miaka saba," alisema.

"Nini?"

"Vikiwa vyeusi hivyo vimekaa miaka saba, ami. Nyumbani kwetu vinaliwa kwenye harusi." Aliweka bilauri chini. "Bibi yangu aliiacha mitungi yake kumi na miwili alipokimbia. Sijui kama ni ileile. Kila nyumba ilikuwa nayo. Lakini alikuwa akiihesabu mpaka kufa kwake."

Mzee alimtazama bila kuelewa. "Alikimbia kutoka Mosul?"

"Mimi si wa Mosul. Mimi wa Khorramshahr. Nyinyi mnaita Muhammara."

Abu Laith alitoa mkono wake juu ya mkono wa kijana, polepole. Kisha akageuza kichwa, na jicho lake likampita Behnam, likampita mwanamke wa Homs, likamfikia Nibras pale mezani.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Wewe ndiye uliyeniambia wa Mosul."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Macho ya Nibras yakamkimbilia Behnam. Mzee aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akaona vile ambavyo angeviona siku ya kwanza kama asingekuwa anatazama vidole tu.

"Nipeni mguu wangu," alisema.

"Ami, huo ni wako," alisema Behnam. "Nimekutengenezea wewe. Haukufungwa pamoja na posa."

"Wangu. Ule pale ukutani."

Behnam aliinuka akauchukua mguu wa zamani, akapiga goti, akaanza kumvisha, akakaza kanda moja baada ya nyingine kwa uangalifu uleule. Mzee alitazama dari mpaka alipomaliza. Kisha akatoka akichechemea kwenye mvua, na Nibras nyuma yake na koti.

Nyumba ya wageni ilikuwa hatua chache kutoka chuoni. Umeme ulikuwa umekatika. Abu Laith alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimesafiri siku nzima kuja kwako," alisema. "Mama yako kauza redio yake nipate fedha za hoteli. Mguu nimezoea kuukosa, Nibras. Wewe kuwa na sura mbili sijazoea."

"Nilitaka umpende kwanza."

"Nimempenda. Ndilo linaloniuma. Kama ningemchukia kazi ingekuwa nyepesi."

Nibras alipiga magoti akashika viatu vyake. "Basi, baba, kama humchukii..."

"Nisikilize. Mimi naweza kukaa na kijana yule mwaka mzima, tunywe chai, anitibu. Lakini ndoa ina mlango, na mlango una watu. Bibi yako alilala miaka kumi na tisa bila kutia komeo mlango wa nje, Ghazwan akirudi usiku asigonge. Alikufa haujafungwa. Nimpitishe yule kijana mlango huohuo, shangazi zako wamepanga mstari, niwaambie nini? Niwaambie mkaribisheni?"

"Mama yake amezika kaka wawili kwa ajili ya mji ule."

"Kumbe. Na anasemaje?"

"Amekataa."

Mzee alitoa mguno uliokuwa karibu na kicheko. "Mwanamke mwenye akili. Mimi na yeye tungeelewana." Alimwekea binti yake mkono juu ya ushungi. "Na hilo ndilo baya, mwanangu. Tungeelewana, na hatutakutana."

Nibras alilia pale sakafuni kimya kimya, na baba yake hakumkataza. Ijumaa yote hawakusemezana ila kwa mambo ya chakula.

Jumamosi, siku ya safari, Nibras aliamka akakuta kitanda cha baba yake kitupu. Alikimbia mpaka chuoni bila mwavuli. Mlango wa chumba cha vipimo ulikuwa nusu wazi, na ndani waliinamiana vichwa viwili, cha mvi na cheusi, juu ya mguu mpya.

"Kisigino kiko chini kidogo," Abu Laith alikuwa akisema. "Nikitua, nyonga inajua."

"Nizungushe skrubu nusu?"

"Robo. Usifanye pupa. Robo, kisha usikilize."

Behnam alizungusha robo. Mzee alisimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi.

"Sasa?"

"Sasa sawa." Alikaa, akakunjua suruali, akavuta soksi juu ya mguu usio na nyama kwa makini kama vile unaweza kusikia baridi. Alijua Nibras amesimama mlangoni. Aliongea bila kugeuka. "Behnam, Mungu aibariki mikono yako. Nilikosa adabu juzi. Kazi ya fundi haikataliwi."

"Hukunikosea, ami. Mimi ndiye niliyekaa kimya wiki tatu."

"Ulikaa kimya kwa ajili yake, najua. Sasa sikia. Ile posa unayotaka kuileta, usiilete. Ukiileta itabidi nikukatae mbele ya wazee, na sitaki kukuvunjia heshima. Niache niondoke nikikuombea dua."

Behnam alikuwa ameshika bisibisi kwa mikono miwili. "Nimesikia," alisema.

"Nimekuumiza."

"Ndiyo, ami."

"Yule bibi yako. Alifia wapi?"

"Shiraz. Alitaka kurudi, tukawa tunamwambia mwakani."

Abu Laith alitikisa kichwa mara kadhaa. Alimpa mkono, akautia na ule wa pili juu yake, akatoka. Alipompita Nibras mlangoni alisema, "Nakungoja chini. Usikawie, gari limekuja."

Bi Araksi alikuwa koridoni na rundo la mafaili. Bila shaka alikuwa amesikia. Nibras alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaona kuwa amezeeka.

"Ulisema tukikaa meza moja tutajuana," alimwambia.

"Na hamkujuana?"

"Tumejuana. Sasa tufanye nini?"

Bi Araksi alihamisha mafaili mkono wa pili. "Miaka kumi na tisa nawafundisha watu kukaa meza moja," alisema. "Nyumba zao sijui kuzifundisha, binti yangu. Ningejua ningekuwa nimeanza na ya baba yangu."

Ndani, Behnam alikuwa anaosha mikono. Maji yalikuwa yamekwisha kutakata, lakini aliendelea kuosha.

"Nifokee," alisema Nibras. "Umeniambia kila siku, nami kila siku nikasema kesho."

"Angekataa hata siku ile ya kwanza."

"Angekataa mimi nikiwa bado binti yake mkweli."

Behnam alifunga bomba. Walisimama na sinki kati yao. Nibras aliuangalia uso ule aliokuwa ameujifunza mwaka hadi mwaka, kovu dogo la nyusi, macho yaliyokosa usingizi, akatamani angalau amguse mkono, na mikono ya Behnam ikabaki ikidondosha maji mbele yake, karibu kabisa.

"Tutoroke," alisema Nibras kwa sauti ndogo. "Hapa Beirut watu wanaoana kila siku."

"Unalitaka hilo?"

Aliwaza juu ya mzee aliyekuwa chini akingoja garini. "Sitaki," alisema.

"Hata mimi. Tungekula wali wetu kila siku tukimsikiliza mzee yule akichechemea." Alijipangusa mikono kwenye koti lake la kazi. "Nilikuwa niende Shiraz, hospitali kubwa. Sitakwenda. Nitaomba kazi nyumbani, Khorramshahr. Kutoka pale hadi Basra ni mwendo wa saa moja kwa gari."

"Saa moja na mpaka."

"Saa moja na mpaka. Sikwambii ungoje, Nibras. Nakwambia tu nitakapokuwa."

Honi ililia chini. Nibras alishuka ngazi.

Njiani kuelekea uwanja wa ndege Abu Laith alitazama bahari, yeye akatazama magoti yake. Waliposhuka alimchukulia begi mpaka kwenye foleni. Watu walikuwa wengi, mahujaji wa Karbala na mizigo yao, wagonjwa wanaorudi na picha zao za hospitali kwenye bahasha kubwa.

"Baba," alisema, "sitaolewa na mwingine. Nakwambia sasa, usije ukasema nimekuficha tena."

Mzee alipokea begi. Watu wakawapita kulia na kushoto.

"Mama yako atalia."

"Mwambie ukweli wote. Na ule uongo wa Mosul umwambie."

"Nitamwambia." Alimvuta akambusu kipaji cha uso, akamshikilia hapo kidogo. "Mwezi wa sita umalize mtihani wako, urudi nyumbani. Kazi ipo, wagonjwa wapo. Hayo mengine, Nibras, sina la kukupa. Ningekuwa nalo ningekupa."

"Najua, baba."

Mzee alipitia mlango wa ukaguzi. Nibras alibaki nyuma ya kamba, akijinyoosha juu ya mabega ya watu ampungie mkono. Tangu utotoni, sokoni, msibani, kwenye stendi za mabasi, hakuwahi kumpoteza baba yake katika umati; macho yalitafuta bega moja linalopanda na kushuka kwa kuchechemea, na yeye alikuwa pale. Sasa aliangalia migongo yote iliyokuwa ikienda, makoti meusi kwa makoti meusi, kila mmoja akitembea sawasawa, na hakujua tena yupi ni wake.